Mchanga wa Somanga na Mvuvi Anayeachia Samaki

Asiyeijua pwani hudhani kwamba bahari ikishakupwa hakuna kazi ila kungoja ijae. Sisi twajua kwamba bamvua likipwa ndipo kazi inapoanza. Kina mama hushuka na vijiti vyao kuchokoa pweza, watoto huwafuata na vikapu, na wenye madema huenda kutazama riziki yao. Mchanga ule mpana, ambao mgeni huuona kuwa ni mahali patupu, ndio shamba la watu wa Somanga na la ndugu zetu wa visiwani.

Hivi karibuni, upepo wa kusi ulipokwisha legea, tulishuka katika shamba hilo pamoja na mgeni kutoka ng'ambo, mjumbe mmoja wa serikali ya kijiji, na nahodha mwenye mtumbwi. Mgeni alikuwa amevua miaka mingi katika mito ya kwao, lakini hii ilikuwa safari yake ya kwanza katika maji ya chumvi. Hakuja na wavu wala chambo cha kuoza. Alikuja na ufito mwembamba, uzi mnene, na kijisanduku cha vyambo vya bandia vilivyofumwa kwa manyoya na nyuzi, vingine mfano wa kaa, vingine mfano wa kamba.

Katika uvuvi wetu wa mshipi, chubwi ndiyo inayoubeba uzi. Katika uvuvi huu chambo hakina uzito hata chembe. Uzi wenyewe ndio mzito, nao hurushwa nyuma na mbele mithili ya mjeledi mpaka unyooke. Tulipopewa ufito tujaribu, ndoana ilinasa katika shati letu wenyewe, na nahodha akacheka hadi mtumbwi ukayumba.

Lakini kicheko hicho kilitufunza jambo. Mgeni alivaa miwani ya kukata mng'aro wa maji, na bado hakuona kitu. Nahodha, asiye na miwani, alisimama nyuma na upondo wake, akausukuma mtumbwi bila kishindo, kisha akanyosha kidole: kule, penye kivuli kinachokwenda kinyume cha mawimbi. Aliyajua majira ya maji, mikondo, na mahali samaki wanapoingia na maji yajaayo kutafuta kaa katika mchanga. Bila jicho lile, ufito wa thamani ni kijiti tu.

Baada ya saa nyingi alipatikana kolekole mmoja, si mkubwa. Mgeni alilowesha mikono, akamtoa ndoana isiyo na kigumba, akamshika ndani ya maji mpaka aliporudiwa na nguvu, akamwachia. Karibu yetu alikuwako bibi mmoja ambaye kikapu chake kilikuwa na pweza mmoja mdogo. Tulimwamkia, naye baada ya kuitikia akauliza, "Wanangu, samaki yule mmemrudisha ana ugonjwa?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali tulifunzwa kwamba kiumbe chenye roho hakifanywi shabaha ya mchezo. Na mbele ya kikapu kitupu, kumrudisha samaki baharini huonekana ni dhihaka. Swali la bibi yule ni la haki, na kila anayetaka kuuleta uvuvi huu katika pwani yetu sharti alijibu kwanza.

Tutazame wenzetu. Huko Shelisheli, katika kisiwa cha Alphonse na mchanga wa St. François, wageni hutoka mbali kumfuata samaki wa rangi ya fedha mwenye miiba mingi, wakamwachia baada ya kumkamata. Nchi ya Belize ilitunga sheria mwaka 2009 kwamba aina tatu za samaki wanaofuatwa na wageni zivuliwe kwa kuachiwa tu. Walifanya hesabu: samaki aliyeachiwa huweza kuleta mgeni mwingine kesho. Hesabu hiyo ni sahihi iwapo fedha ya mgeni humfikia mwenye mchanga. Isipomfikia, ni hesabu ya mwenye hoteli peke yake.

Pwani yetu si masikini wa sifa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na bahari ya Rufiji, Mafia na Kilwa ilitambuliwa kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2004. Sifa hizo ni njema, lakini sifa haijazi kikapu.

Kwa hiyo twashauri mambo manne. Kwanza, mgeni yeyote wa uvuvi huu apite katika mkutano wa kijiji, siyo katika ofisi ya mjini tu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yadai leseni, lakini leseni haiwezi kuwa badala ya ridhaa ya wananchi. Pili, nahodha alipwe kama mtaalamu, kwa mapatano ya maandishi. Tatu, sehemu ya ada ibaki kijijini, na hesabu yake ibandikwe hadharani penye macho ya watu. Nne, na hili ndilo kubwa: mchanga usifungwe. Siku mama wa Somanga atakapoambiwa asishuke na kijiti chake kwa kuwa mgeni anavua, siku hiyo tutakuwa tumeuza shamba kwa bei ya mchezo.

Wananchi nao wana wajibu. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku tangu mwaka 1970, na bado wako waliothubutu kuurudia. Mwamba uliovunjwa haumlishi mgeni wala mwenyeji. Hatuwezi kumdai mgeni aiheshimu bahari ambayo sisi wenyewe twaipasua.

Tulipokuwa tukirudi, maji yalikuwa yameanza kujaa. Bibi yule alikuwa mbele yetu, amejitwika kikapu chake. Mjumbe wa kijiji alimwahidi kwamba swali lake litapelekwa mkutanoni. Akasema, "Lipelekeni, lakini nami mniite." Viongozi wa wilaya na wa mkoa, neno hilo ni lenu pia. Aitwe.