Mbona mabingwa wa ndondi hutatizwa na mitindo ya kombo?

Zamani nilipokuwa ndipo nimeanza kazi ya ualimu, nilizoea kwenda jioni katika ukumbi mmoja wa jamii mjini Nairobi kutazama vijana wakifanya mazoezi ya ndondi. Alikuwapo kijana mmoja aliyekuwa tegemeo la mkufunzi wake. Alisimama wima, kidevu amekiinamisha, mkono wa kushoto ukitangulia na wa kulia ukililinda shavu, na kila konde alilolirusha lilikwenda na kurudi kwa njia ile ile. Siku moja alipangiwa kupigana na mchukuzi wa magunia ambaye hakuwa amemaliza hata miezi mitatu ukumbini. Mchukuzi yule alipinda mgongo kama mtu anayetafuta sarafu iliyomwanguka, akarusha makonde yaliyoanzia usawa wa goti, na mara nyingine akasita katikati ya konde kisha akalimalizia. Raundi tatu zilipokwisha, ndiye aliyeinuliwa mkono. Mkufunzi akamfariji mwanafunzi wake kwa maneno mafupi: “Usijali, huyo hajui ndondi.”

Maneno hayo nimeyatafakari kwa miaka mingi. Ikiwa hakujua, mbona alishinda? Na aliyejua, ujuzi wake ulimfaa nini?

Si kwamba naudharau umbuji wa ulingoni. Sisi Wakenya tuna sababu ya kuuenzi. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 mjini Mexico City, bondia wetu Philip Waruinge alipata nishani ya shaba tu, lakini akatunukiwa tuzo ya Val Barker, ambayo ilikuwa ikipewa bondia aliyeonyesha ustadi kuliko wenzake wote, wakiwemo walionyakua dhahabu. Ndondi za namna hiyo ni elimu kamili. Lakini elimu hiyo ina mlango mmoja ulio wazi, na ndio huo wapiganaji wa mtindo wa kombo huupitia.

Hebu tutazame bingwa anavyofanya kazi. Konde la bondia hodari hufika upesi mno hata jicho haliwezi kungoja kuliona ndipo mwili uamue la kufanya. Kwa hiyo bingwa halingoji konde lenyewe. Yeye husoma dalili zake: bega linaloshuka kidogo, goti linalopinda, mguu wa nyuma unaokanyaga kwa nguvu. Kusoma huko amekupata kwa kupigana maelfu ya raundi za mazoezi na watu waliofunzwa kama yeye. Sasa mletee mtu ambaye bega lake hushuka bila konde kufuata, au ambaye konde lake hutoka bila bega kushuka. Dalili zote zinageuka uongo. Bingwa husita, na kusita kwa nukta moja ulingoni ni gharama kubwa. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mazoea yana taabu.

Ushahidi wa jambo hili tunaupata kwa mabondia wa shoto. Anapokutana na mtu wa mkono wa kulia, miguu yao ya mbele hukanyagana na makonde hutoka pande zisizotarajiwa. Ugeni huo ni sawa kwa wote wawili. Hata hivyo, mara nyingi anayetaabika ni yule wa kulia. Kwa nini? Kwa sababu shoto hupigana na watu wa kulia kila siku, ilhali wa kulia hukutana na shoto mara chache. Ni dhahiri basi kwamba taabu haiko katika mtindo wenyewe tu. Iko katika yale ambayo bingwa hakuyazoea.

Mfano mashuhuri ni wa Muhammad Ali na Ken Norton. Walipokutana mjini San Diego tarehe 31 Machi 1973, Ali alikuwa ameshindwa mara moja tu, naye Norton hakujulikana sana. Norton aliuweka mkono wa kulia karibu na kidevu, wa kushoto akauteremsha, na akasonga mbele akiburuta mguu wa nyuma. Mkufunzi wake, Eddie Futch, alikuwa amemfunza jambo moja: kila Ali anaporusha konde la kushoto la kunyoosha, naye arushe lake papo hapo, kwa kuwa wakati huo mkono wa kulia wa Ali hauko mahali pa kujikinga. Ali alivunjwa taya na kushindwa kwa pointi. Walipigana tena mwaka huo huo wa 1973 na mara ya tatu mwaka 1976. Ali alishinda yote mawili, lakini kwa jasho jingi, na ushindi wa mwisho unabishaniwa hadi leo.

Je, Norton alikuwa bora kuliko Ali? La hasha. Mwezi Machi 1974 George Foreman alimwangusha Norton katika raundi ya 2 mjini Caracas. Oktoba mwaka huo huo, mjini Kinshasa, Ali alimwangusha Foreman katika raundi ya 8. Mwanafunzi wa hesabu atashangaa, maana A amemshinda B, B amemshinda C, naye C amemtesa A. Ndondi hazifuati mizani hiyo. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Kisa cha karibu zaidi ni cha Wladimir Klitschko, mshindi wa dhahabu katika Olimpiki za Atlanta mwaka 1996, aliyelishikilia taji lake kwa zaidi ya miaka 9. Kushoto kwake kulikuwa kama fimbo ya mwalimu mkali. Tarehe 28 Novemba 2015 mjini Düsseldorf, alikutana na Tyson Fury wa Uingereza, jitu lililomzidi urefu, lililoteremsha mikono, likatikisa kichwa, likabadili kushoto na kulia kila mara. Klitschko alikuwa na umri wa miaka 39, nao umri una lake. Lakini aliyetazama aliona mtu anayengoja nafasi aliyoizoea, na nafasi hiyo haikuja. Raundi 12 zilikwisha akiwa bado anangoja, na waamuzi wote watatu wakampa Fury ushindi.

Msomaji asije akadhani kwamba nasifu ovyo. Wengi wa wapiganaji wa kombo huangushwa mapema na hatuwasikii tena. Tunaowasikia ni wale walioufanyia kombo wao mazoezi mpaka ukawa ustadi. Tena ustadi huo una dawa. Naseem Hamed wa Uingereza aliwachanganya wapinzani kwa miruko na makonde ya ajabu, akashinda mapambano 35 bila kushindwa. Aprili 2001 mjini Las Vegas, Marco Antonio Barrera wa Mexico, ambaye watu walimjua kwa kushambulia, alikataa kumfuata. Alitulia, akangoja, akampiga kila alipokosea hatua, akashinda kwa pointi. Barrera hakumdharau, alimsoma upya.

Hapo ndipo ninapomrudia mkufunzi wa ukumbini. Kosa lake halikuwa kumfunza kijana ndondi za vitabuni. Kosa lilikuwa kumwambia kwamba aliyemshinda hajui kitu, kwa maana neno hilo lilimfungia njia ya kujifunza. Angemwita mchukuzi yule apigane na kijana wake kila Jumamosi, angemtengenezea bingwa.

Nasi walimu tuna ukumbi wetu. Tunawapa wanafunzi karatasi za mitihani iliyopita mpaka wanajua swali litakavyoanza kabla ya kulisoma, kisha mtihani ukija na swali la kombo tunalalamika kwamba halikuwa la haki. Labda lilikuwa la haki. Labda lilikuwa mchukuzi wa magunia, nasi hatukuwahi kumwalika darasani.