Kunakili Mfumo wa Linux
Tuchukue mfano wa shule ya Mbeya iliyokwisha kuandaa kompyuta moja kwa Linux, na shule ya Iringa iutakayo mfumo huohuo. Kuupakua upya hugharimu. Diski husafiri kwa basi zaidi ya kilomita 300, wala haijali mtandao ukikatika. Kompyuta huwashwa kwa flashi, ili diski inakiliwayo isiwe kazini. Amri dd hunakili kila sehemu, hata iliyo tupu. Kwa hiyo diski ipokeayo isiwe ndogo kuliko ya asili. Programu ya Clonezilla kwa kawaida huziacha sehemu tupu, ikaokoa muda. Lakini atumiaye dd na atahadhari: if huonyesha diski ya asili, of ile ipokeayo. Akizigeuza, kazi ya muhula mzima hufutika pasipo kuulizwa. Kisha kila nakala ipewe jina na kitambulisho chake. La sivyo kompyuta za chumba kimoja zaweza kugombea anwani moja mtandaoni.