Bibi Asiyeoka Biskuti

Kwenye filamu zetu ukimwona bibi kizee amejifunga kaniki, ungo uko pembeni, usijisumbue kusubiri mwisho: huyo ni mchawi. Asipokuwa mchawi ni mama mkwe mwenye gubu, au mgonjwa aliyelazwa ili mwanawe apate cha kulilia mbele ya kamera. Bibi mwenye mambo yake, anayedaiwa kwenye kikoba na kuangua kicheko barazani na shoga zake, hapewi nafasi, ingawa mtaani tunapishana naye kila siku.

Hollywood nao wana yao. Katika The Graduate ya mwaka 1967, Anne Bancroft aliigiza mama mtu mzima anayemnasa kijana wa marafiki wa familia. Wakati wa kupiga picha alikuwa na miaka 35. Huyo kijana, Dustin Hoffman, alikuwa na 29! Mwanamke wa 35 kizee, mwanaume wa 29 ndiyo kwanza anamaliza chuo.

Siku hizi mambo yamesogea, na kwangu mimi aliyeyasogeza vizuri kuliko wote ni Soon-ja, bibi wa Kikorea katika filamu ya Minari. Anatua Arkansas kumlea mjukuu wake, David. Haoki biskuti. Anamfundisha karata huku matusi yakimtoka, na jioni anakodolea macho mieleka kwenye televisheni. Mtoto analalamika kwamba huyu si bibi wa kweli, hadi siku moja anamletea mkojo kwenye bakuli badala ya kinywaji. Bibi anagugumia. Baba anapotaka kumchapa mwanawe, anayemkingia kifua ni bibi yuleyule. Tuliolelewa na bibi zetu, utani wa namna hiyo hatuhitaji kutafsiriwa. Mwaka 2021 Youn Yuh-jung, aliyeigiza bibi huyo, alichukua Oscar akiwa na miaka 73.

Wa kwetu tulikuwa naye, tena si wa kuigiza. As Old As My Tongue, filamu ya mwaka 2006, inamfuata Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka wa Unguja: sigara mkononi, ngoma ya unyago, maneno yasiyo na breki. Hana ungo, wala hamlilii mtu. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na filamu hiyo imebaki. Mwongozaji wake ni Mwingereza, Andy Jones.