Umri wa Gari na Umri wa Mchoro Wake

Kila gari lina umri wa aina mbili. Wa kwanza umeandikwa kwenye kadi: mwaka lilipotengenezwa au kusajiliwa. Wa pili hauandikwi popote. Ni umri wa mchoro, yaani miaka iliyopita tangu kizazi hicho cha gari kilipotoka kiwandani kwa mara ya kwanza. Wanunuzi wengi wa magari ya mtumba kutoka Japani huuangalia ule wa kwanza tu, kwa kuwa ndio serikali zetu huufuata. Lakini ukitaka kujua spea utazipata wapi na fundi atalijuaje gari lako, ulizia wa pili.

Toyota Premio inaonyesha jambo hili waziwazi. Toleo lililotoka mwaka 2001 lilifuatwa na jingine mwaka 2007, na hilo la 2007 likaendelea kuundwa hadi 2021. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8. Kwa hiyo Premio ya 2019 inayoteremshwa bandarini Mombasa ni changa machoni pa sheria, ilhali mwili wake, paa na milango yake ni vya mchoro wa 2007. Katikati ya safari hiyo sura ilibadilishwa mara mbili, 2010 na 2016, ndiyo maana mtu akiziweka ya 2008 na ya 2017 pamoja hudhani ni magari mawili tofauti.

Sababu ya mabadiliko hayo kuishia usoni iko kiwandani. Mabati ya mwili wa gari hugandamizwa kwa kalibu kubwa za chuma, na kila mlango, paa na ubavu una kalibu zake. Kuzitengeneza ni gharama kubwa mno, na fedha hiyo hurudi polepole, gari moja baada ya jingine. Hakuna kampuni inayozitupa kalibu hizo baada ya miaka mitatu. Bampa, kwa upande mwingine, ni ya plastiki. Taa na show (grili) ya mbele hununuliwa kwa watengenezaji wa vipuri na kufungwa kwa skrubu na klipu. Basi mauzo yanapoanza kulegea, kwa kawaida mwaka wa tatu au wa nne, kampuni hubadilisha vile vinavyobadilika kwa bei nafuu, na gari linarudi sokoni likiwa na uso mpya. Kizazi kipya kabisa huja baadaye, mara nyingi baada ya miaka sita hadi minane.

Haikuwa hivyo siku zote. Ford Model T iliundwa kuanzia 1908 hadi 1927, na katika miaka hiyo 19 yakatoka magari milioni 15. General Motors chini ya Alfred Sloan ndiyo iliyowazoesha Wamarekani kutarajia gari lenye sura mpya kila mwaka. Wajapani wakaweka mwendo wao wenyewe. Tazama Corolla: 1979, 1983, 1987, 1991, 1995. Kila miaka minne, bila kukosa. Kisha hatua zikarefuka: 2000, halafu 2006. Majaribio ya ajali, masharti ya moshi na mifumo ya kielektroniki vilikuwa vimefanya kizazi kimoja kuwa ghali zaidi kukibuni, na soko la Japani lilikuwa limepoa. Mafundi wetu hawakuhitaji kuambiwa tarehe hizi. Kwao Corolla ilikuwa 100, kisha 110, kisha NZE, na kila jina lilikuwa na spea zake.

Hata hivyo, si kila badiliko huonekana kwa nje. Mwaka 2014 Toyota Vitz ya kizazi cha tatu ilipata injini mpya ya lita 1.3 katikati ya maisha yake. Probox inashangaza zaidi. Ilitoka 2002, na mwaka 2014 ikapewa pua mpya na sehemu mpya ya chini mbele, huku giaboksi ya otomatiki ya gia nne ikiondolewa na kuwekwa ya CVT, isiyo na ngazi za gia. Nyuma ya milango ya mbele mwili ukabaki karibu vilevile. Nusu gari jipya, nusu la zamani! Anayekwambia Probox zote ni sawa anaweza kukuuzia mafuta ya giaboksi yasiyofaa, na CVT haivumilii kosa hilo.

Naona watu wakidharau gari lenye mchoro mzee, na sikubaliani nao. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilianza 1984 na bado inaundwa. HiAce iliyotoka 2004 imebadilishwa uso mara kadhaa, na bado ndiyo inayobeba abiria mijini mwetu. Kadiri mchoro unavyodumu, ndivyo kasoro zake zinavyogunduliwa na kurekebishwa kiwandani, na ndivyo spea zinavyojaa Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi. Gari la mwisho wa kizazi kwa kawaida limetulia kuliko la mwaka wa kwanza. Jambo moja tu nalichukulia kwa uzito: usalama. Mchoro wa zamani ulipimwa kwa masharti ya wakati wake. Premio ilianza kupewa mfumo wa breki zinazojifunga zenyewe mbele ya kizuizi katika mabadiliko ya 2016, na hapo tofauti ya uso ina thamani ya kweli kwa mwenye familia.

Kwa hiyo unaponunua, usiridhike na mwaka wa usajili. Gari linaweza kukaa miezi kabla ya kuandikishwa, na Premio iliyosajiliwa katikati ya 2010 huenda ikawa na taa za zamani. Uso nao hudanganya, kwa kuwa bampa na taa za toleo jipya hufungwa juu ya gari la zamani ili kupandisha bei. Angalia namba ya chesisi: herufi na tarakimu zake za mwanzo hutaja kizazi, na namba nzima, ikiingizwa kwenye katalogi ya spea, hutoa mwezi gari lilipoundwa. Mpe muuza spea namba hiyo yote kabla hujalipia hata taa moja.