Taya la Chini Likitangulia

Mzazi akiona meno ya chini ya mwanawe yamepita mbele ya yale ya juu, hulilaumu taya la chini. Daktari huanza na swali jingine: ni la chini lililokua mno, au la juu lililobaki nyuma? Mara nyingi ni yote mawili, na wapo ambao taya lao la chini lina ukubwa wa kawaida kabisa. Mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, kwa mfano, huweza kubaki na kovu la upasuaji linalozuia taya la juu kukua. Picha ya eksirei ya ubavu wa kichwa huonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko kioo.

Chanzo kikubwa ni urithi. Ukoo wa kifalme wa Habsburg, uliotawala Austria na Hispania, ulijulikana kwa taya hilo, na wenyewe wakioana ndugu kwa ndugu. Mama wa Mfalme Charles wa Pili wa Hispania (1661–1700) alikuwa mpwa wa mumewe. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya kazi ya madaktari 10 wa upasuaji wa taya, waliochunguza picha 66 za kuchorwa za watu 15 wa ukoo huo: kadiri ukaribu wa damu wa wazazi ulivyozidi, ndivyo taya lilivyotokeza. Lakini hali hii hurithiwa hata katika familia ambazo wazazi hawana udugu wowote.

Mtu mzima ambaye taya lake linaanza kukua ukubwani, huku pete na viatu vikimbana, apimwe homoni ya ukuaji; huenda ana uvimbe kwenye tezi ya pituitari. Na taya linalovimba upande mmoja ni jambo jingine kabisa. Huenda ni ameloblastoma, uvimbe wa mfupa wa taya ambao haufai kusubiriwa hata kama hauumi.

Kwa taya la kurithi, kusubiri ni sehemu ya tiba. Mtoto mdogo ambaye taya lake la juu limebaki nyuma anaweza kuvalishwa kifaa cha usoni cha kulivuta mbele. Upasuaji hungoja ukuaji uishe, kwa kawaida miaka 16 hivi kwa msichana, 18 au zaidi kwa mvulana. Akipasuliwa mapema, taya huendelea kukua na kazi yote ikapotea.

Kabla ya upasuaji mgonjwa huvaa waya za meno, mara nyingi kwa mwaka au zaidi. Meno yake yalikwisha kujipinda ili yakutane: ya chini yameinamia ndani, ya juu yamelalia nje. Waya huyasimamisha, na kwa muda huo kasoro huonekana kubwa zaidi. Wagonjwa waambiwe hili mapema, maana wengi huvunjika moyo hapo.

Njia inayotumika sana ilielezwa na Richard Trauner na Hugo Obwegeser mwaka 1957. Mgonjwa hupewa nusu kaputi, nyama hufunguliwa ndani ya mdomo nyuma ya magego, kisha mfupa wa kila upande hupasuliwa kwa unene wake, kama unavyotenganisha nusu mbili za punje ya kunde. Sehemu yenye meno husogezwa nyuma na kufungwa kwa vibati na skrubu za titani. Mara nyingi taya la juu nalo husogezwa mbele, kwa kuwa kulirudisha la chini peke yake kupita kiasi hubana njia ya hewa nyuma ya ulimi.

Wiki za kwanza ni za uji, supu na vyakula laini. Neva ya mdomo wa chini na kidevu hupita ndani ya mfupa huohuo, hivyo ganzi ni ya kawaida. Kwa wengi hupungua baada ya wiki au miezi, kwa baadhi hubaki. Kwa sababu hiyo, anayetafuna na kuzungumza vizuri, na ambaye sura yake haimsumbui, sioni kwa nini apasuliwe. Anayeamua kupasuliwa amwombe daktari amwonyeshe kwenye eksirei ni taya lipi litasogezwa, na kwa milimita ngapi.