Damu Inapokwama Njiani

Ndugu wasomaji wetu wa Kifanya, Njombe, Makambako na kwingineko, katika toleo hili tumeona vema tuzungumzie ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita siko seli, pamoja na kazi ya Mtanzania mwenzetu aliyeutafiti kwa miaka mingi.

Huku kwetu nyanda za juu ugonjwa huu si wa kawaida kama ulivyo Pwani au Kanda ya Ziwa. Kwa sababu hiyo ni rahisi kuukosea. Mtoto anavimba vidole, analia usiku kucha, macho yanakuwa ya manjano. Anaongezewa damu leo, na baada ya miezi michache anaongezewa tena. Majirani wanaanza kunong'ona, baba na mama wanaanza kulaumiana, na mtoto anazungushwa kwa waganga huku siku zinapita.

SELIMUNDU NI NINI?

Seli nyekundu za damu ndizo zinazobeba oksijeni mwilini. Seli ya kawaida ni ya mviringo na laini, hivyo hujikunja na kupita hata katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele. Kwa mgonjwa wa selimundu, seli zikipungukiwa oksijeni huwa ngumu na kupinda kama mundu. Jina la ugonjwa limetoka hapo.

Wanaolima vinyungu watatuelewa upesi. Kijiti kimoja kikikwama kwenye mfereji, kingine hunasa juu yake, majani na matope hujikusanya, na bustani ya chini haipati maji. Ndivyo inavyokuwa kwenye mishipa ya damu. Seli zilizopinda hunata kwenye kuta za mshipa, damu nayo huganda kwa urahisi, na sehemu ya mwili iliyo mbele hukosa oksijeni. Zikikwama kwenye mifupa, mgonjwa hupata maumivu makali. Zikikwama kwenye ubongo huleta kiharusi, hata kwa mtoto mdogo.

Tena seli hizi hazidumu. Seli ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini hizi huishi siku 10 hadi 20 tu. Kwa hiyo mgonjwa hupungukiwa damu mara kwa mara na macho yake huwa ya manjano.

KWA NINI HUKU NI WACHACHE?

Mwaka 1949 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hiyo. Karibu na bahari na Ziwa Viktoria alikuta watu wengi wenye chembe ya urithi ya selimundu, na kwenye nyanda za juu alikuta wachache mno. Mwaka 1954 alichapisha sababu yake: mtu aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, na anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Hivyo penye mbu wengi chembe hiyo ilienea, na penye baridi kama kwetu haikuenea.

Lakini watu wanahama na kuoana. Makambako ni njia panda. Vijana wetu wanakwenda Dar es Salaam, Kyela na Songea, na wengine wanakuja huku. Wazazi wawili wenye chembe hiyo wakikutana, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Hakuna mkono wa jirani hapo, wala si kosa la mama peke yake.

KAZI YA PROFESA JULIE MAKANI

Julie Makani alizaliwa mwaka 1970 na kusoma shule ya msingi mjini Arusha. Alihitimu udaktari Muhimbili mwaka 1994. Mwaka 1997 alikwenda London, katika Hospitali ya Hammersmith, kujiendeleza katika magonjwa ya ndani ya mwili, na baadaye akawa mtafiti Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 2003 alipata ufadhili wa kuutafiti ugonjwa wa selimundu hapa Tanzania, akarudi Muhimbili.

Kazi aliyoianza huko na wenzake mwaka 2004 haikuwa ya kushangaza kwa macho. Waliwaandikisha wagonjwa, wakawapima, wakawapangia tarehe ya kurudi, na asiyerudi walimtafuta. Wakati huo vitabu vingi juu ya ugonjwa huu viliandikwa kutokana na wagonjwa wa Marekani na Ulaya.

Mfano mmoja ni utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ambao Makani aliufanya na wenzake kwa watoto 105 wa Kenya. Kwa kipimo cha ultrasaundi walipima kasi ya damu katika mishipa ya ubongo, kwa kuwa kasi kubwa mno ni dalili kwamba mshipa umebana na kiharusi kinakaribia. Baada ya miaka minne walifuatilia hali za watoto 95. Hakuna aliyekuwa amepata kiharusi. Lakini 11 walikuwa wamefariki, na alama iliyowatambulisha waliokuwa hatarini ilikuwa historia ya homa. Watafiti walikwenda kutazama mishipa, wakakuta kwamba homa nayo yataka kuogopwa.

Mwaka 2011 yakachapishwa matokeo ya Muhimbili. Wagonjwa 1,725 walikuwa wameandikishwa kati ya mwaka 2004 na 2009. Kwa wastani, katika kila wagonjwa 100, karibu 2 walifariki kwa mwaka. Kwa watoto wa chini ya miaka 5 idadi ilizidi 7. Tukumbuke kwamba hao ni watoto waliofikishwa kliniki na kujulikana ugonjwa wao. Mwaka huohuo Profesa Makani alipewa tuzo ya Royal Society Pfizer ya Uingereza.

MATIBABU YAPO

Mtoto akijulikana mapema, anaweza kupewa penisilini kila siku hadi afikishe miaka 5, chanjo zote, kinga ya malaria na vidonge vya kusaidia kutengeneza damu. Ipo pia dawa ya haidroksiyurea, ambayo hupunguza kupinda kwa seli. Ilijaribiwa kwa watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vilipungua. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, iliwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, ingawa tiba hiyo ni ghali na huhitaji mchangiaji anayefaa, ambaye mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kwanza, mtoto akivimba vidole vya mikono na miguu, akiwa na macho ya manjano au akiishiwa damu mara kwa mara, ombeni apimwe selimundu. Hutolewa damu kidogo tu. Zahanati ikikosa kipimo, ombeni rufaa.

Pili, mgonjwa akipata homa, msingoje kesho. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Tatu, baridi huamsha maumivu. Miezi ya Juni na Julai, baridi yetu inapokaza, mtoto avishwe nguo nzito, alale pakavu penye joto, na anywe maji mengi hata kama hasikii kiu.

Nne, alale ndani ya chandarua. Malaria ni chache huku, lakini kwa mtoto huyu ni hatari kubwa, hasa anaposafiri kwenda bondeni.

Tano, vijana wanaotaka kuoana wapime wakiwa bado na nafasi ya kushauriana.

Ndugu zetu, watafiti wa Muhimbili walianza kwa kuandika jina la mtoto kwenye daftari na kuhakikisha anarudi kliniki. Hilo hata sisi kijijini tunaliweza. Tukimjua mtoto wa jirani mwenye ugonjwa huu, tuache kunong'ona. Tumuulize mama yake tarehe ya kliniki ni lini, na kama nauli ipo.