Namna tarakilishi inavyochora sayari zisizofikika

MNAMO Februari 22, 2017, Shirika la Anga za Juu la Marekani (NASA) lilitangaza kwamba nyota ndogo iitwayo TRAPPIST-1, iliyo umbali wa takriban miaka 40 ya mwendo wa nuru kutoka duniani, inazungukwa na sayari saba zenye ukubwa unaokaribiana na wa dunia. Vyombo vya habari kote ulimwenguni vilichapisha picha za kupendeza za sayari hizo, zikiwa na maji, barafu na miamba.

Hakuna darubini iliyokuwa imeona lolote kati ya hayo. Walichokuwa nacho wanaastronomia ni vipimo vya jinsi mwanga wa nyota hiyo unavyofifia kidogo kila sayari inapopita mbele yake. Picha zenyewe zilibuniwa kwa tarakilishi na Robert Hurt na Tim Pyle, wa Taasisi ya Teknolojia ya California, kwa kushauriana na wanasayansi.

Huo ndio usanii wa anga za juu. Msanii huanza na machache yanayojulikana, kisha hujaza kwa ubunifu yale yasiyojulikana. Msomaji asiyefahamu jinsi picha hizo zinavyoundwa anaweza kuzichukulia kuwa ushahidi, ilhali baadhi yake ni makisio tu.

Sanaa hii ilikuwepo kabla ya tarakilishi. Mnamo 1944, mchoraji Mmarekani Chesley Bonestell alichapisha katika jarida la Life mchoro wa Zohali, ile sayari yenye pete, kama ambavyo ingeonekana kutoka mwezi wake mkubwa uitwao Titan. Alichora anga ya buluu na vilele vilivyochongoka, na mchoro huo ukawavutia vijana wengi kwenye elimu ya anga.

Hata hivyo, chombo cha Ulaya kiitwacho Huygens kilipotua Titan Januari 14, 2005, picha zake zilionyesha ukungu mzito wa rangi ya chungwa na uwanda uliotapakaa vijiwe. Bonestell hakuwa amedanganya. Alichora kwa kadiri ya ujuzi wa wakati wake.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na hisabati. Mtaalamu Benoit Mandelbrot alieleza kwamba maumbo mengi ya asili, kama vile milima, mawingu na pwani, hujirudia kwa viwango tofauti: jiwe dogo lenye mikwaruzo hufanana na jabali kubwa. Maumbo hayo aliyaita fraktali.

Loren Carpenter, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya ndege ya Boeing, aliitumia fikra hiyo kuunda filamu fupi ya milima iitwayo Vol Libre, aliyoionyesha mwaka wa 1980. Miaka miwili baadaye, mbinu yake ilitumiwa katika filamu ya Star Trek II kuonyesha sayari kame ikigeuka kuwa yenye uhai.

Mbinu yenyewe si ngumu kuieleza. Tarakilishi huchukua pembetatu, hutafuta katikati ya kila upande, kisha huisogeza nukta hiyo juu au chini kwa kubahatisha. Pembetatu moja huzaa nne, nazo hugawanywa vivyo hivyo. Baada ya kurudia hatua hiyo mara nyingi, uso uliokuwa bapa huwa safu ya milima yenye mabonde na makorongo.

Siku hizi msanii hutumia programu kama vile Terragen, iliyobuniwa Uingereza mahsusi kwa mandhari, au Blender, inayopatikana bila malipo. Anaweza kuiachia programu ibuni milima, au akatumia vipimo halisi. Kwa mfano, chombo cha Mars Global Surveyor kiliumulika uso wa sayari ya Mirihi kwa miale ya leza zaidi ya mara milioni 600 na kupima mwinuko wake. Vipimo hivyo viko wazi kwa umma.

Mwinuko huwekwa katika ramani ya kijivu, ambamo sehemu nyeupe ni vilele na sehemu nyeusi ni mabonde. Kisha msanii huamua rangi ya udongo, mahali theluji inapoweza kukaa na mahali mteremko ulipo mkali mno kuishikilia.

Baada ya ardhi huja hewa. Angani kwetu, mwanga wa buluu hutawanywa zaidi kuliko mwekundu, ndiposa mchana ni buluu na machweo ni mekundu. Kwenye Mirihi mambo ni kinyume. Vumbi laini huipa anga ya mchana rangi ya kahawia iliyopauka, na jua linapotua huzungukwa na mng'ao wa buluu. Programu nzuri humruhusu msanii kupanga wingi wa vumbi, ukungu na mawingu.

Mwisho, tarakilishi hukokotoa picha. Hufuatilia njia ya mwanga kwa kila kitone, na picha yenye upana wa vitone 1,920 na kimo cha vitone 1,080 ina zaidi ya vitone milioni mbili. Iwapo picha moja itachukua dakika 10, filamu ya dakika moja, yenye picha 24 kwa sekunde, itahitaji siku 10 mfululizo. Ndiposa kampuni za filamu hugawa kazi hiyo kwa mamia ya tarakilishi.

Lakini vipimo halisi pekee havitoshi kuifanya picha iwe ya kweli. Miaka ya tisini, NASA ilitoa picha ya mlima wa volkeno uitwao Maat Mons, ulioko kwenye sayari ya Zuhura, iliyoundwa kutokana na vipimo vya rada vya chombo cha Magellan. Mlima huo ulionekana kama mnara mrefu. Maelezo yake yalisema wazi kwamba kimo kilikuwa kimekuzwa mara 22.5.

Lau Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, ungechorwa vivyo hivyo, kilele chake kingefikia zaidi ya kilomita 110. Wengi waliitazama picha ya Maat Mons bila kuyasoma maelezo hayo, wakadhani Zuhura imejaa milima iliyosimama wima, ilhali mteremko wa mlima huo si mkali.

Makosa mengine hutokana na uzembe. Nyota haiwezi kuonekana ndani ya sehemu ya mwezi yenye giza, kwa kuwa mwezi wenyewe unaikinga. Vilevile, upande unaong'aa wa mwezi sharti uelekee jua. Picha inayoonyesha jua upande wa kulia na mwezi mwandamo uliogeukia kushoto haina msingi.

Suala hili limepata uzito zaidi tangu zilipozuka programu za akili bandia ambazo huunda picha kutokana na maneno machache. Picha hizo zinaweza kupendeza, lakini si lazima ziwe na kipimo chochote cha mwinuko wala hesabu ya mwanga nyuma yake.

Kwa hivyo, anayekutana na picha ya sayari, hasa mwalimu au mzazi anayetaka kumfunza mtoto, hana budi kuuliza maswali matatu. Je, ilipigwa na kamera au ilibuniwa? Kama ilibuniwa, ni vipimo gani vilitumiwa? Na je, rangi au kimo vimekuzwa?

Taasisi zinazoaminika hujibu maswali hayo katika maelezo yaliyo chini ya picha, ambamo mara nyingi hutaja kwamba ni ubunifu wa msanii. Maneno hayo machache hayaipunguzii picha uzuri wake. Humwonyesha mtazamaji mpaka kati ya kilichopimwa na kilichokisiwa, ili siku chombo kitakapofika huko na kuonyesha mengine, asidhani alidanganywa.